Mwanafunzi wa Chuo Hapotei kwa Siku Moja

Darasa letu la mwaka wa kwanza lilijaa hadi watu wakawa wanasikiliza mhadhara wakiwa wamesimama mlangoni. Kufikia mwaka wa tatu kila mtu alipata kiti, na viti vikabaki. Hakuna aliyeaga. Mimi nilikuwa kiongozi wa darasa, mwenye kazi ya kuzungusha karatasi ya mahudhurio, kwa hiyo majina yale niliyajua hadi miandiko yake. Jina lipo Jumatatu, Alhamisi halipo, linarudi baada ya wiki mbili, halafu halionekani tena.

Mmoja wao tuliishi naye chumba kimoja. Kijana mpole kutoka upande wa Busia, kifungua mimba kwao, na wa kwanza katika ukoo mzima kukanyaga chuo kikuu. Hesabu alikuwa akinishinda kwa mbali. Wiki moja kabla ya mitihani ya muhula wa pili alifunga begi, akaniambia anakwenda nyumbani kutafuta karo na Jumapili atakuwa amerudi. Jumapili ikapita. Nilipompata kwa simu alisema atarudi muhula ujao, na nilisikia katika sauti yake kwamba analiamini hilo. Deni lililomfungia mlango wa mtihani halikufika shilingi 9,000. Chuo kizima kile, pamoja na ofisi zake zote na mihuri yake, hakikuwa na mtu hata mmoja wa kumpigia simu amuulize yuko wapi.

Tangu wakati huo nimekuwa nikiwasikiliza wanafunzi wa Njoro, Maseno, Kakamega na Kisumu mjini, na wazazi wao pia. Tukizungumza habari za vijana wanaokatiza masomo, kila mmoja huwa na sababu yake moja mkononi. Huyu atasema ni pesa, yule uvivu, mwingine kamari ya kwenye simu. Kila sababu ina ukweli wake, lakini hakuna hata moja inayoeleza kwa nini vijana wawili wenye umaskini ule ule, kutoka kijiji kimoja, mmoja huvaa joho na mwenzake hupotelea njiani. Nimefikia kuamini kwamba wengi hawaamui kuacha chuo. Wanateleza hatua moja, kisha ya pili, na kila hatua huufanya mlango wa kurudi uwe mwembamba zaidi. Basi nizieleze hatua zenyewe, maana mzazi aliye kijijini hazioni, na mwanafunzi mwenyewe mara nyingi huzijua akiwa ameshazivuka.

Pesa na saa tatu zisizolingana

Nianze na pesa, kwa kuwa hapo ndipo mambo yamechanganyika zaidi.

Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyepelekwa chuoni na serikali ya Kenya alidaiwa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka. Serikali ilikipa chuo sehemu kubwa ya gharama iliyobaki. HELB, bodi ya mikopo iliyoundwa kwa sheria mwaka 1995, ilimkopesha mwanafunzi kiasi ambacho kwa kawaida kilikuwa kati ya shilingi 35,000 na 60,000 kwa mwaka. Hata aliyepewa mkopo mdogo aliweza kulipa karo na kubaki na cha kununulia unga.

Tarehe 3 Mei 2023 Rais William Ruto alitangaza mfumo mwingine, ambao pesa humfuata mwanafunzi badala ya kupewa chuo kwa jumla. Kila kozi ikapewa bei yake, na bei hiyo ikagawanywa mafungu matatu. La kwanza ni ufadhili usiorudishwa, unaotoka kwa Hazina ya Vyuo Vikuu. La pili ni mkopo wa HELB. La tatu ni la familia. Mwanzoni wanafunzi waliwekwa katika makundi manne kulingana na uwezo wa nyumbani. Mwaka 2024 yakawa matano, yanayojulikana kama bendi. Kwa mpangilio huo, wa bendi ya 1 alipata ufadhili wa asilimia 70 na mkopo wa asilimia 25, familia ikitoa asilimia 5. Wa bendi ya 5 alipata asilimia 30 ya ufadhili na 30 ya mkopo, na familia ilibeba asilimia 40.

Kwa hesabu hiyo, chukua kozi ya shilingi 240,000 kwa mwaka. Mwanafunzi wa bendi ya 3, ambaye ufadhili wake ni nusu ya bei na mkopo asilimia 30, atafadhiliwa shilingi 120,000 na kukopeshwa 72,000. Nyumbani kwao watatafuta 48,000, yaani 24,000 kila muhula. Mwenzake aliyeketi naye dawati moja, akiwa bendi ya 5, familia yake inadaiwa 96,000. Kumbuka kwamba kaka yake aliyemtangulia chuoni alidaiwa 16,000.

Kanuni zenyewe pia hazijatulia. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilitamka kwamba mfumo huo unakiuka Katiba, kisha Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo. Mwaka 2025 serikali ikatangaza kupunguza karo. Aliyeingia chuoni mwaka 2023 amesoma akiwa amesimama juu ya ardhi inayosogea, na si haki kumlaumu mzazi wake kwa kutojua anadaiwa kiasi gani hasa.

Hata hivyo kiasi ni nusu tu ya tatizo. Nusu ya pili ni wakati. Katika maisha ya mwanafunzi wa huku kwetu kuna saa tatu, na hakuna hata mbili zinazosoma sawa. Saa ya chuo inadai pesa wakati wa usajili, na tena kabla ya mtihani. Saa ya HELB na ya ufadhili hufuata Hazina ya Taifa: pesa hutoka serikali ikizitoa, na mara nyingi muhula huwa umeshafika katikati. Saa ya familia hufuata shamba. Baba anayelima miwa Mumias hungoja karibu mwaka mmoja na nusu muwa ukomae, kisha angoje kiwanda kimlipe. Mama anayeuza omena sokoni Kibuye ana pesa leo, na wiki ijayo ziwa likigoma hana. Halafu inakuja fomu ya kuomba ufadhili na kuwauliza watu hawa mapato yao ya mwezi. Wataandika nini? Wengine hukisia, na kisio hilo huweza kumweka kijana katika bendi isiyomfaa. Kwa hiyo anayeona amewekwa pasipo pake asikae kimya. Nafasi ya kukata rufaa ipo, na rufaa yenye barua ya chifu na ushahidi wa hali ya nyumbani ina uzito kuliko malalamiko ya kwenye vikundi vya WhatsApp.

Jambo lingine dogo ambalo limewaumiza wengi ni kwamba mkopo wa HELB huombwa upya kila mwaka. Nimekutana na wanafunzi wa mwaka wa pili waliodhani ombi la kwanza linatosha hadi kufuzu, wakashtuka muhula umeanza na akaunti ni tupu. Na kuna wazazi wanaomkataza kijana kukopa kabisa, wakiogopa deni. Woga huo naujua, maana watu wamepokonywa mashamba kwa madeni. Lakini riba ya HELB ni asilimia 4 kwa mwaka, na malipo huanza baada ya mwaka mmoja tangu kumaliza masomo. Aliye hatarini zaidi ni yule aliyekopa miaka miwili kisha akaacha chuo, kwa kuwa deni litamfuata na shahada hana.

Pesa za matumizi zinazoingia kwa mwanafunzi mwenyewe nazo zina safari yake. Si wote wanaozitapanya. Kifungua mimba akipokea shilingi 20,000, mdogo wake aliyefukuzwa shule ya upili kwa ajili ya karo atapata habari kabla ya jua kuzama. Anatuma 8,000 nyumbani, analipa kodi ya chumba Njokerio au Lurambi, na kinachobaki hakimfikishi mwisho wa muhula. Wapo wanaojaribu kukizidisha kwa kamari ya mtandaoni, na wapo waliopoteza muhula mzima kwa usiku mmoja. Wa namna hii wanahitaji mtu wa kukaa nao chini kabla aibu haijawapeleka kwa wakopeshaji wa kwenye simu.

Kutoka yuniti hadi kadi ya mtihani

Mwanafunzi akifika chuoni husajili yuniti, yaani masomo, atakazosoma muhula huo kwenye tovuti ya chuo. Mara nyingi tovuti haimfungulii mpaka awe amelipa sehemu ya karo. Asiyesajili anaweza kuhudhuria kila kipindi, akafanya kila jaribio, na bado jina lake lisiwe kwenye orodha ya mhadhiri. Ufa wa kwanza uko hapo, na hauonekani. Kijana yumo darasani, anacheka na wenzake, huku kwenye kompyuta hayupo.

Kisha kuna mahudhurio. Vyuo hudai theluthi mbili au robo tatu ya vipindi, kila kimoja na kiwango chake. Anayekaa mbali kwa sababu vyumba vya mbali ni rahisi huanza kukosa kipindi cha saa moja asubuhi. Mwingine anafanya kazi ya bodaboda mchana, au analinda duka usiku na kusinzia darasani. Halafu yanakuja majaribio ya katikati ya muhula, na mwisho kadi ya mtihani, ambayo hutolewa kwa aliyemaliza kulipa. Asiye na kadi haingii.

Sasa tazama anachofanya kijana aliyekosa kadi. Ofisini hapiti. Ana aibu, na ofisi zenyewe zina foleni na maneno makali. Anarudi kijijini kimya, au anabaki chumbani na kuwaambia wenzake kwamba amefanya mtihani. Mama yake amewatangazia majirani kwamba mwanawe yuko chuo kikuu, na harambee ilifanywa kanisani siku ya kumpeleka. Atawatazama vipi watu wale waliochanga? Kimya hicho kimewaondoa chuoni vijana wengi kuliko hesabu ngumu. Muhula unaofuata anakuwa na deni la zamani pamoja na jipya, yuniti za kurudia, na marafiki waliomtangulia darasa. Deni ambalo lingelipwa kwa mchango wa watu kumi limekuwa mlima.

Migomo ya wahadhiri nayo huongeza uzito juu ya haya. Mgomo wa mwaka 2025, ulioanza Septemba na kumalizika mapema Novemba, ulichukua siku 49. Wahadhiri walikuwa wakidai fedha za mkataba wa miaka ya 2017 hadi 2021, na dai lao lilikuwa la haki. Lakini mwenye nyumba hagomi. Kodi ililipwa siku zote 49, waliorudi nyumbani walitafuta nauli mara mbili, na si kila aliyeondoka alirudi.

Kuahirisha masomo si kuacha

Ningepewa dakika tano mbele ya kila darasa la mwaka wa kwanza, kuanzia Chuo Kikuu cha Egerton hadi cha Kibabii, ningezungumzia jambo hili moja. Kuna njia tatu za kutoka chuoni kabla ya kumaliza, na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni kuahirisha. Mwanafunzi anaandika barua kwa msajili wa masuala ya masomo kupitia idara na kitivo chake, anaeleza sababu, anaambatisha ushahidi kama upo, anapewa idhini ya maandishi ya kupumzika muhula mmoja au mwaka. Nafasi yake inabaki. Alama alizokwisha kupata zinabaki. Akirudi, anaripoti na barua ile mkononi.

Ya pili ni kujiondoa rasmi, kwa mfano kwenda chuo kingine au kozi nyingine. Aliyepangiwa na KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo na kozi, kozi asiyoipenda ana dirisha la kuomba uhamisho akiwa mwaka wa kwanza. Dirisha hilo hufungwa haraka, na wengi hulisikia likiwa limefungwa.

Ya tatu ni kutoweka, na ndiyo inayochaguliwa na wengi bila kujua kwamba wamechagua. Kwa chuo, aliyetoweka na aliyelazwa hospitali miezi miwili bila kuandika barua ni mtu yule yule. Jina lake huweza kufutwa kwa kutofika mitihani mfululizo, na kurudi kwake kutahitaji kikao, maelezo na pengine kuanza upya.

Binti aliyeshika mimba mwaka wa pili hana haja ya kutoweka. Kijana aliyefiwa na baba na anayetakiwa nyumbani wakati wa matanga hana haja ya kutoweka. Aliyeishiwa pesa kabisa naye pia. Barua ya ukurasa mmoja, iliyopokelewa na kupigwa muhuri, na nakala yake ikawekwa mahali salama, huacha mlango wazi. Inauma kuona mtu amekosa shahada kwa kukosa barua.

Aliyefika mwisho na bado hafuzu

Kuna kundi ambalo halitajwi sana kwa kuwa watu hawa wamesoma miaka yote minne. Siku ya kutoa orodha ya mahafali jina halipo. Akiuliza anaambiwa yuniti moja ya mwaka wa pili haina alama. Alifanya mtihani, anakumbuka hata maswali, lakini alama hazionekani.

Alama hupotea kwa njia nyingi za kawaida. Mwanafunzi hakusajili yuniti vizuri, hivyo alama hazikuwa na pa kuandikwa. Nambari ya usajili ilikosewa tarakimu moja. Jaribio la katikati ya muhula lilirekodiwa na mtihani haukurekodiwa. Au mhadhiri alikuwa wa kibarua, hajalipwa miezi mingi, akaondoka na karatasi zikabaki bila kusahihishwa. Hili la mwisho ni kosa la vyuo, na halipaswi kuwa mzigo wa mwanafunzi, ingawa ndiye anayeubeba.

Dawa yake ni ya kuchosha, na inafanya kazi. Kila muhula matokeo yakitoka, kagua yuniti moja moja. Ukiona pengo, nenda kwa mkuu wa idara muhula huo huo, kwa maandishi, ukiwa na kadi ya mtihani. Hakikisha umetia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio ya mtihani, kwa sababu hiyo ndiyo shahidi wako. Tunza majaribio yote yaliyorudishwa. Alama iliyopotea miezi mitatu iliyopita hupatikana. Ya miaka mitatu huenda mhadhiri wake ameshahama nchi.

Na usiidharau sapu. Mtihani wa marudio si fedheha, ila kuuahirisha mwaka hadi mwaka humkuta mtu ana yuniti nne za kurudia katika muhula ambao pia anatafuta mahali pa mafunzo ya kazini.

Waliojaribu wameona nini

Mwaka 1975 msomi Mmarekani, Vincent Tinto, aliandika kwamba mwanafunzi hubaki chuoni kwa kadiri anavyojishikiza humo kwa masomo na kwa watu. Kwa maneno ya kwetu, chuo kiwe kwake. Mtoto wa Teso aliyefika Njoro asiyemjua mtu, asiye na ushirika, kikundi cha kwaya, timu wala mhadhiri anayemjua kwa jina, hana kamba hata moja ya kumshika siku ya mtikisiko.

Katika jiji la New York, chuo kikuu cha umma cha CUNY kilianzisha mwaka 2007 mpango unaoitwa ASAP. Wanafunzi wa kipato cha chini walipewa mshauri mwenye wanafunzi wachache wa kuwaangalia, nauli ya usafiri wa umma, na msaada wa vitabu, kwa sharti la kusoma muda wote. Watafiti waliwalinganisha na wenzao wasiopata msaada huo. Baada ya miaka mitatu, asilimia 40 ya waliokuwa kwenye mpango walikuwa wamehitimu, dhidi ya 22 ya wenzao. Nauli na mtu wa kukuuliza habari zako vilikaribia kuongeza idadi hiyo mara mbili. Georgia State, chuo cha Atlanta, kilianza mwaka 2011 kutoa ruzuku ndogo kwa wanafunzi waliokuwa karibu kufutwa kwa sababu ya salio dogo la karo. Chuo chenyewe kiliwatafuta kwenye hesabu zake, wao hawakuomba kwanza.

Ninalipenda hilo la chuo kumtafuta mwanafunzi. Sisi tunangoja mwenye shida aje ofisini, na mwenye shida ndiye asiyekuja. Atlanta ina fedha kutuzidi, sikatai. Lakini habari za kumtambua anayeteleza tunazo tayari: karatasi ya mahudhurio, orodha ya waliosajili yuniti, orodha ya wenye salio. Zimekaa katika ofisi tatu zisizozungumza. Zikiwekwa meza moja wiki ya nne ya muhula, mhadhiri mmoja na kiongozi wa darasa wanaweza kuona majina ishirini yanayoanza kufifia, na simu ishirini zinapigwa kwa alasiri moja. Wiki ya kumi na mbili simu hizo huwa zimechelewa.

Kuhusu salio dogo, watu wetu wana ujuzi wa siku nyingi. Tunachangia matanga, arusi, hata kumpeleka mtoto chuoni siku ya kwanza kwa mbwembwe. Chama cha waliosoma shule moja ya upili, kanisa, au watu wa kijiji waliohamia Nakuru mjini wanaweza kugawa mchango ule: nusu siku ya kwanza, nusu ikasubiri wiki ya kadi za mtihani za mwaka wa pili, ambapo hakuna anayepiga picha. Basari za NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, na za kaunti zingefaa zaidi zikitolewa kwa kalenda ya vyuo. Mwanafunzi naye amjulishe mzazi tarehe za kulipa mapema, amwandikie kwenye karatasi, zibandikwe ukutani pembeni ya kalenda ya kanisa.

Mwaka jana nilimpata tena yule mwenzangu. Anaendesha bodaboda Kisumu na ana mtoto. Aliniuliza kama alama zake za mwaka wa kwanza bado zipo mahali. Nilimwambia kila chuo kina ukomo wa miaka ya kumaliza, na jibu liko kwa msajili. Tuliingia saiba moja, duka la kompyuta na uchapaji, pale Kondele, tukaandika barua ya ukurasa mmoja ya kuomba kurudi. Aliisoma mara tatu kabla ya kutia sahihi, akalipa shilingi kumi za kuichapa, na akaniomba niichape nakala ya pili abaki nayo.